Jibu Bado

Mama Kisu hakuwa mchinjaji wala muuza vyombo. Alikuwa daktari, na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha kuzunguka, macho kwenye hadubini, akisoma vipande vya nyama za watu vilivyokatwa vyembamba, vikapakwa rangi na kubandikwa juu ya vioo. Mgonjwa akikatwa kipande cha nyama popote mwilini, kinaletwa kwake, naye ndiye anayesema hiki ni nini. Ni kazi ya kimya. Wagonjwa hawamjui kwa sura, hawamletei shukrani wala lawama, na hilo lilimfaa kwa sababu hakuwa mtu wa kuchekacheka na watu.

Jina la Mama Kisu alipewa na adui yake. Na tuseme mapema, isije ikaonekana tunamsingizia mtu: adui huyo alistahili kuchukiwa.

Alikuwa daktari wa upasuaji wa taya, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, ambaye hospitali nzima ilimwita Bingwa, naye akiitwa hivyo haoni haya, anaitika. Zamani, mama huyu akiwa bado mgeni pale maabara, Bingwa alileta kwa mkono wake kipande kilichotoka kwenye taya la mtu, kimo ndani ya chupa. Mama akamwuliza kama ndani yake kuna mfupa. Swali hilo si la mchezo. Nyama laini inakatwa moja kwa moja kwa ile mashine yenye kisu, lakini mfupa sharti kwanza ulowekwe kwenye asidi mpaka ulainike, la sivyo kisu kinameguka. Bingwa alijibu akiwa ameshageuza mgongo.

"Hiyo ni nyama tupu. We kata."

Mama akakata, na mfupa ulikuwemo. Kisu kikameguka makali, na kisu chenyewe kilikuwa hicho hicho kimoja, cha kuagizwa mbali. Maabara ikakaa mikono mitupu, vinyama vya watu vikarundikana kwenye chupa, na mkuu wa hospitali akaja juu. Alipoulizwa, Bingwa alisema hakumbuki kuulizwa jambo lolote na mtu yeyote. Alisema kwa uso mkavu kabisa, huku mama amesimama pale pale mbele yake.

Angeishia hapo, pengine mama angemeza. Lakini kila Ijumaa madaktari wa taya walikuwa na kikao chao, wanakaa chumba kimoja na watu wa maabara, picha za eksirei zinawekwa ukutani, vioo vinaonyeshwa, kila mmoja anasema alichokiona. Ijumaa ile Bingwa alisimama na kumwelekeza mama kwa kalamu. "Wageni karibuni. Huyu hapa ni Mama Kisu. Ukimpa mfupa, mpe na kisu cha akiba." Watu wakavunjika mbavu. Na jina likaganda. Wanafunzi wapya walilikuta, wakalitumia bila hata kujua limetokea wapi. Dereva wa gari la wagonjwa alimsalimia, "Shikamoo Mama Kisu," kwa heshima zote. Mumewe, mwalimu wa hesabu, mtu mpole asiye na makuu, alijaribu mara moja tu kumtania kwa jina hilo nyumbani, akanuniwa mpaka akakoma mwenyewe.

"Huyo mtu keshasahau, mdogo wangu," dada yake mkubwa alimwambia siku moja wakiwa wanaanua nguo. "Kinyongo hicho umebaki nacho peke yako. Unakilea kama mtoto."

"Acha nikilee, dada. Kikikua kitanisaidia."

Alikilea kweli. Mama Kisu hakuwa na haja ya kujua mataya kuliko ini au ngozi, lakini aliyasoma mataya kwa sababu ndiyo shamba la Bingwa. Kila uvimbe unaoota kwenye mfupa wa taya, wa kawaida na wa nadra, aliusoma mpaka akaujua kwa rangi na kwa tabia. Watu walidhani anaipenda kazi. Alikuwa anamsubiri mtu. Kilichomuudhi ni kwamba Bingwa, pamoja na majivuno yake yote, alikuwa na mkono mzuri na jicho zuri, na makosa yake yalikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Mama akasubiri, nywele zikaanza kuota mvi, akaendelea kusubiri.

Ndipo ukaja uvimbe wa mpiga tarumbeta.

Mpiga tarumbeta huyo alikuwa wa bendi ya harusi, mwanamume mcheshi mwenye mashavu ya kazi. Alikuwa amevimba mbele ya taya la chini, pale kidevuni, uvimbe mgumu usiouma, uliokuwa ukiyasukuma meno yake ya mbele yaachane mpaka pumzi zikawa zinamvujia, na tarumbeta, kama alivyosema mwenyewe, likawa linakohoa. Eksirei ilionyesha weusi na weupe uliochanganyika, hauna mpaka unaoeleweka. Bingwa aliitazama picha, akakitomasa kidevu, akasema anaujua: ni ule ugonjwa wa mfupa kugeuka nyuzi, hauna ubaya, dawa yake ni kukwangua sehemu iliyotokeza ili uso urudi sawa, basi. Akachukua kinyama kidogo kwa sababu utaratibu unataka hivyo, akakituma maabara. Safari hii aliandika juu ya chupa kwamba kuna mfupa.

Aliyeloweka mfupa huo alikuwa fundi wa maabara, mzee aliyebakiza kidogo astaafu, wakimwita Mzee Asidi kwa sababu vidole vyake vilishababuka kwa kazi hiyo. Jumatatu asubuhi alimwekea mama vioo mezani, akarudi kwenye chupa zake.

Mama alitazama kioo cha kwanza na kuona nyuzi tu, nyuzi nene za rangi ya waridi, zimebanana uwanja mzima. Mtu mwenye haraka angeziona hizo, angeona na vipande vya mfupa pembeni, angesema Bingwa kasema kweli, angeinuka akanywe chai. Mama hakuinuka. Katikati ya nyuzi aliona visiwa vidogo vya chembechembe, vimebanwa, vimechongoka, kama punje za wali zilizokanyagwa kwenye zulia. Akavifuata kimoja kimoja. Pembeni mwa kisiwa kimoja, chembechembe zilikuwa zimejipanga wima, zimesimama bega kwa bega, jinsi zinavyojipanga zile zinazomtengenezea mtoto meno tumboni mwa mama yake. Akamwomba Mzee Asidi akate ndani zaidi, amletee vioo vingine, na vilipokuja havikuacha shaka.

Ilikuwa ameloblastoma, uvimbe wa mbegu za meno zilizosahau kutengeneza jino zikabaki zinakula mfupa. Na haikuwa ile ya kila siku, inayotoboa taya mapovu mapovu hata mwanafunzi akaitambua kwenye picha. Hii ilikuwa ya aina adimu, inayojifukia ndani ya nyuzi, ikajifanya ni ugonjwa mwingine. Haikimbilii mapafuni kama saratani. Ubaya wake ni kwamba haina ukingo. Inajipenyeza katikati ya mfupa mzima mahali jicho halioni. Ukiikwangua umeichokoza na kuitawanya, nayo itarudi. Inatakiwa kukatwa yote, pamoja na ukanda wa mfupa mzima kuizunguka. Kwa mpiga tarumbeta, kwa jinsi picha ilivyoonyesha, bado ukingo wa chini wa taya ulikuwa umesalimika. Daktari akiujua ugonjwa mapema angekata kwa juu, akauacha ukingo ule, na kidevu kingebaki kidevu.

Na Bingwa alikuwa amekosea. Roho ya mama ikamsuuzika. Aliegemea kiti chake akakizungusha mzunguko mzima, jambo ambalo Mzee Asidi hakuwahi kumwona akifanya.

Jibu la namna hii halisubiri karatasi. Desturi ya pale ni kwamba msomaji anainua simu na kumwambia mpasuaji papo hapo. Mama aliinua simu, akaisikia inaunguruma, akabaki ameishika. Aliona yatakayofuata. Bingwa angesema, "Ahsante, Mama Kisu," na Ijumaa angesimama mbele ya watu wote na tai yake, aseme, "Kama nilivyokuwa nimeshuku tangu mwanzo." Alishawafanyia wenzake hivyo zaidi ya mara moja. Mama akairudisha simu mahali pake. Kisha akaiinua tena, akampigia muuguzi wa chumba cha upasuaji, akamwuliza kama kwa kupitia tu: yule wa tarumbeta kapangiwa lini? Wiki ijayo, akajibiwa. Wiki ijayo. Basi Ijumaa haimdhuru mtu.

"Mzee," alisema, "akiulizia mtu kioo hiki, jibu bado."

Mzee Asidi akaifuta miwani yake. "Bado nini, daktari? Si hivi hapa?"

"Bado nasoma."

"Haya. Kusoma hakuishi." Akaenda zake.

Nyumbani alimsimulia mumewe, wakiwa jikoni, mumewe akimenya vitunguu na macho yakimtoka machozi ya vitunguu. Alimsimulia kwa furaha, akacheka, akaiga mwendo wa Bingwa na jinsi anavyoivuta tai. Mume akacheka pia, kisha akauliza, "Na mgonjwa?"

"Kapangiwa wiki ijayo."

"Kama ni hivyo."

"Ni hivyo, baba watoto. Usiniharibie."

Akapiga pasi gauni la Ijumaa kabla hata Jumatano haijafika. Mbele ya kioo cha kabati alijaribu maneno yake, akayapunguza, akayanoa, mpaka yakabaki machache ya kutosha kumwonyesha Bingwa cha mtema kuni. Tangu zamani hakuwa amelala vizuri kama wiki ile.

Jumatano mchana kulikuwa na mtu kwenye dirisha la kupokelea. Mzee Asidi alikuwa ametoka, kwa hiyo mama alikwenda mwenyewe. Alikuta mwanamume mwenye kidevu kilichovimba, mkononi ameshika kile kipande cha chuma cha kupulizia tarumbeta, amekitoa kwenye tarumbeta lake akawa anakipasha joto kiganjani kama mtu anayebeba yai.

"Shikamoo, mama. Daktari kanituma niulize kama jibu langu limetoka."

Mama hakuwahi kumwona mgonjwa wa kioo chake akiwa mzima mzima, na miguu na shati. "Marahaba," alisema. Angeweza kumwuliza mtu huyo daktari wake ana haraka ya nini. Hakuuliza.

"Maana nina harusi nyingi zinanisubiri," mtu yule aliendelea. "Vijana wa bendi wamemweka mwingine mahali pangu, anapiga kama anamfukuza mbuzi. Maharusi wananipigia simu wanalia." Akacheka, na meno yake ya mbele yakacheza.

"Jibu bado, kaka."

"Bado ya heri au bado ya shari?"

"Bado tu. Naendelea kusoma."

"Haya, mama. Kazi njema." Aliinamisha kichwa kwa adabu akaondoka. Kitu kikamgusa mama rohoni, akakisukuma pembeni. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

Siku hiyo ilipofika, chumba cha kikao kilijaa, maana Bingwa alikuwa na wanafunzi wapya. Mama alikaa mbele na sanduku lake la vioo mapajani. Zamu yake ilipofika alisimama, akaweka kioo kwenye mashine, na zile nyuzi za waridi zikajaa ukuta mzima. Hakuwa na haraka. Aliwaonyesha nyuzi, akawaacha wazizoee. Akawaonyesha kisiwa cha kwanza, cha pili, kisha kile cha chembechembe zilizojipanga, na akasikia mtu nyuma yake akivuta pumzi. Akautaja ugonjwa kwa jina lake kamili, na aina yake. Akaeleza kwa nini eksirei inadanganya, na kwa nini mtu anayekwangua kitu hiki ni sawa na mtu anayefyeka magugu juu kwa juu. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Kisha akamgeukia Bingwa, akamwelekeza kwa kalamu.

"Wageni karibuni," alisema. "Huyu hapa ni Bingwa. Ukimpa taya, mpe na la akiba."

Chumba kikalipuka. Wakubwa waliojua hadithi ya zamani walicheka mpaka wakafuta macho, wanafunzi wakacheka kwa sababu wakubwa wanacheka, na mama alisimama katikati ya kicheko kile akakioga. Alikuwa amekilipia. Alitaka kisiishe.

Kikaisha kwa sababu Bingwa alikuwa amesimama na hakuwa anacheka. Hakuwa amekasirika pia. Uso wake ulikuwa umekauka kama wa mtu aliyesahau kitu jikoni.

"Jana nimemkwangua," alisema.

Mama akaiteremsha kalamu.

"Mgonjwa mwingine niliyempangia jana alipata homa, nafasi ikapatikana. Jumatano nilimtuma huyu mtu maabara akaulize. Aliporudi akaniambia bado, nikasema haya, hii naijua mwenyewe." Alitembea mpaka ukutani akaigusa eksirei kwa kidole. "Nimeteremka na kidevu chote mpaka hapa, kwenye ukingo wa chini. Ule ambao tungeuacha. Sasa hatuwezi kujua tena umesambaa wapi. Itabidi taya lote la mbele litoke." Akageuka. "Uliiona lini?"

Mama alikuwa na uongo wa aina nyingi wa kuchagua. Alimwona Mzee Asidi amekaa karibu na mlango, ameinamia vidole vyake. "Jumatatu," alisema.

Bingwa akatikisa kichwa polepole. "Kosa la kukata bila jibu ni langu, na nitalibeba. La kuficha jibu si langu."

"Uliniambia nyama tupu," mama alisema. Lilimtoka lenyewe. Alikuwa amelibeba miaka yote hiyo na hapo ndipo lilipokuwa limepangiwa kutoka. "Nilikuuliza kama kuna mfupa, ukaniambia nyama tupu."

Bingwa alimtazama kwa muda, anatafuta, anatafuta kwa kweli, bila kujifanya. "Nyama tupu ipi?" akauliza.

Hata kumchukia vizuri kukawa kugumu. Mtu aliyekuchoma kwa makusudi unaweza kuishi naye moyoni mpaka uzeeni. Aliyekuchoma akapita zake, akasahau, huyo anakuachia moto peke yako. Mama aliyakusanya vioo vyake, kimoja kikaanguka, mwanafunzi mmoja akamwokotea. Hakuna aliyemwita jina lolote alipotoka.

Alipaswa kurudi maabara. Alizungukazunguka uani, mwishowe miguu ikampeleka wodini. Mpiga tarumbeta alikuwa ameketi kitandani, kidevu kimefungwa bandeji mpaka masikioni, na juu ya kimeza kile kipande chake cha chuma kimesimamishwa kama pambo. Alipomwona mama, macho yake yakachangamka. Alizungumza bila kufungua meno, taratibu.

"Karibu, mama. Ni wewe wa dirishani. Nesi kaniambia sasa hivi, kwamba mtu wa maabara kaona kitu ambacho wengine wote hawakukiona. Nikajua ni wewe. Nilimwambia mke wangu siku ile ile, yule mama hana haraka kama hawa wengine, akisema bado ujue anahangaika na wewe." Akashika mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili. "Wanasema watanikata tena. Sawa. Mimi nikuulize wewe tu, maana wewe unaona mbali. Nitapuliza lini?"

Mama aliutazama mkono wake ndani ya mikono ile. Angeweza kusema amwulize daktari. Angeweza kusema bado.

"Hutapuliza tena, kaka," alisema. "Wataondoa mfupa wa mbele wote. Watakuwekea mwingine, utakula, utaongea. Kupuliza, hapana." Na kwa kuwa mikono ile bado ilikuwa imemshika, akamalizia. "Ulipokuja dirishani, jibu lilikuwa tayari. Lilikuwa tayari tangu Jumatatu. Kama ningekupa, wasingekukata jana, na kidevu chako kingebaki. Sikukupa kwa sababu nilikuwa na ugomvi na daktari wako."

Mtu yule aliuachia mkono, si kwa nguvu, aliuweka tu juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Akakichukua kile kipande cha chuma kutoka kwenye kimeza, akakifunika kiganjani, akamtazama mama. Ucheshi wote ulikuwa umeondoka machoni, na kilichobaki hakikuwa na kelele wala machozi. Mama alikijua kitu kile. Alikuwa amekiona kwenye kioo cha kabati wiki nzima, na miaka yote kabla ya wiki ile.

"Wanakuita nani hapa?"

"Mama Kisu."

"Hilo sio jina," mtu yule alisema kupitia bandeji. "Nataka jina lako. Lako kamili, na la baba yako."

Mama akamtajia, polepole, jina moja baada ya jingine, ili asije akalisahau.